Fisi wa Ukoo Wetu na Namba ya Wairimu

Najua mlianza kwa Wairimu. Msijisumbue kukataa. Mlipanda boda boda mkaenda mpaka Munyaka, mkabisha hodi, mkamwomba awaeleze mtu afanye nini akikutana na mnyama wa porini huku mjini, naye akawaambia, "Si muulize Kiprono? Yuko hapo hapo kwenu Yamumbi." Ndipo mkakumbuka kwamba mzee mnayempita kila asubuhi akikatia ng'ombe majani alifanya kazi ya wanyama hapa Eldoret mpaka nywele zikawa nyeupe. Mkaja na soda na aibu kidogo. Soda niliinywa. Aibu ilikuwa kidogo mno.

Nimeona niwaandikie, asije akatokea mtu wa kusema mzee alisahau nusu. Lakini kwanza niseme la moyoni. Kwenye grupu la mtaa, pale juu mlipobandika namba za dharura, kuna polisi, kuna zimamoto, kuna fundi wa stima, halafu kumeandikwa: "Wanyama: Mama Wairimu." Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha, akidhani nitafurahi kuona jina la mtu niliyefanya naye kazi. Mimi ninaishi Yamumbi tangu kukiwa mahindi matupu. Ng'ombe wangu mnawajua kwa majina. Huyo mama anaishi mtaa mwingine kabisa. Nilimrudishia mtoto simu nikamwambia macho yananiwasha.

Mtasema huo ni wivu. Ndiyo, ni wivu, na sioni haja ya kuupaka rangi. Nilifanya kazi na Wairimu miaka mingi katika ofisi ya wanyamapori, gari moja, zamu moja, na sikumbuki siku iliyopita bila kumwonea wivu. Labda Jumapili, kwa kuwa kanisa letu si moja, lakini hata hapo niliambiwa anaimba vizuri. Kwa hiyo mtakayosoma hapa yana mafunzo na yana wivu, na sijui kuvitenganisha.

Tuanze na tumbili, maana ndio mtakaokutana nao kwanza. Hufuata miti ya kando ya mto Sosiani, huingia mjini bila kumwogopa mtu, na wakishaonja mkate hawana tena hamu ya majani. Nikiwa mgeni kazini tuliitwa kwenye jengo moja la maduka. Tumbili dume ameingia duka la nguo na amekaa juu ya suti. Nikataka mkubwa wangu aone bidii yangu. Nikasimama mlangoni, miguu nimeipanua, nikapiga makofi na kelele. Yule tumbili alinitazama, akautazama mlango nilioujaza, akaamua kwenda ndani zaidi. Ndani zaidi kulikuwa na saluni. Akina mama walikuwa wamekaa chini ya zile mashine za kukausha nywele, hawasikii kitu, na mmoja alipohisi mkono begani alidhani ni wa msusi, akasema bado haijakauka. Kilichofuata sitakieleza chote. Mashine mbili zilianguka, na mama mmoja alifika mpaka stendi akiwa na taulo kichwani na rola zikimdondoka.

Mkubwa wangu alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mnene, mpole, aliyekuwa na tabia ya kuuliza badala ya kugombeza.

"Kijana, ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni, Mzee."

"Na yeye ulitaka atokee wapi? Kwa dirisha ya mbinguni?"

Akanivuta kando ya mlango kwa mkono wa shati, akawaomba wenye saluni wakae kimya wakiegemea ukuta, na tukangoja. Tumbili akapita katikati yetu na chanuo mkononi, akaenda zake.

Hiyo ndiyo kazi yote, vijana. Mengine ni kuongezea chumvi tu. Kabla hujaokota jiwe, kabla hujapiga kelele, kabla hujatoa simu kupiga picha, jiulize mnyama huyu atatokea wapi, na kama anapotakiwa kutokea ndipo umesimama wewe, ondoka. Mnyama mwenye njia huenda. Mnyama asiye na njia hupigana, na meno anayo.

Kwa tumbili kuna mambo madogo ya kuzingatia. Usimchekee, kwa sababu kwake kuonyesha meno ni kutaka vita. Usimkazie macho. Akishika mfuko wako wa chakula, mwachie, usivutane naye, maana hujui kuvutana kama yeye. Usimpe biskuti ili marafiki zako waone, kwa sababu kesho ataidai kwa mtoto wa shule. Akikuuma au akikukwaruza, hata kama ni mkwaruzo wa kuchekesha, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, osha sana, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo udungwe sindano. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Nimewaona wanaume wazima wakifunika mkwaruzo kwa mkono wa shati kwa sababu wanaona haya kusema waliumwa na tumbili. Haya haitibu.

Wairimu alikuja miaka michache baada yangu. Wazazi wake walikuwa wamehamia huku kutoka upande wa Nyeri, mama yake akiuza mboga. Alikuwa mwembamba, koti la kazi likimfika magotini, na siku ya kwanza nilimwonea huruma. Huruma ile haikumaliza wiki. Tuliitwa kwenye vibanda vya mitumba, nyoka ameingia chini ya rundo la nguo, na watu wamejaa. Kulikuwa na jamaa mmoja mwenye panga na mdomo, wa aina iliyopo kila mtaa, anayempigia kelele kila mtu arudi nyuma na yeye ndiye anayesogea mbele. Mimi nilikuwa najiandaa kubishana naye. Wairimu akamwendea, akamwambia kwa adabu:

"Baba, naona wewe ndio unajua hii mtaa. Nisaidie. Simama hapo kwa kona, mtu asipite, hata mtoto."

Yule jamaa akaenda kwenye kona na panga lake, akasimama kama analinda benki, akawafukuza hata waliokuwa wanaenda nyumbani kwao. Tulifanya kazi yetu kwa utulivu. Moyo ulinichoma kwa sababu nilijua papo hapo kwamba hilo ni jambo kubwa na si mimi niliyelifikiria. Tangu siku hiyo nikawa nalifanya kila mahali. Mwenye kelele mpe kazi, tena ya mbali kidogo. Sikuwahi kumwambia mtu nimelitoa wapi.

Kuhusu nyoka mwenyewe, ukimwona simama, halafu rudi nyuma polepole, na umwangalie ukiwa mbali ili ujue ameingia wapi. Watu wengi hukimbia, halafu wakirudi na wazee wa mtaa hawajui nyoka yuko chini ya kochi au ameenda kwa jirani, na hapo nyumba nzima hailali. Usimmwagie mafuta ya taa. Usimkanyage ukidhani amekufa. Akimuuma mtu, mkalishe, asikimbie, mvue pete na viatu kabla hajavimba, msimchanje, msimnyonye, msimfunge kamba ya kukaza, mpelekeni hospitali. Na lile rundo la mabati na mawe nyuma ya nyumba yenu, lile mnalosema mtajengea siku moja, hilo ndilo nyumba ya nyoka.

Mzee Barasa alikuwa na fimbo ya nyoka, mti mrefu wenye panda mwishoni, umeng'aa kwa kushikwa. Niliibeba fimbo hiyo nyuma yake kwa miaka, niliipaka mafuta ya ng'ombe isipasuke, na kila mtu ofisini alijua siku akistaafu itabaki kwangu. Siku ikafika. Tulikunywa chai na mandazi, watu wakasema maneno mazuri, naye akasimama, akachukua fimbo, akampa Wairimu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Baadaye nilimfuata kwenye gari nikamuuliza kwa nini. Hakuzunguka.

"Kiprono, mikono yako ni mizuri kushinda ya huyu msichana. Lakini wewe ukishika fimbo kwanza unaangalia nani anakuona."

Alinishika bega akaingia garini. Nimelala na neno hilo usiku mwingi, na bado naona alikosea. Kwani kuna ubaya gani mtu kuonekana?

Sasa nifike kwenye fisi, kwa sababu najua ndiyo hadithi mliyotaka, na najua mmeisikia kwa watu.

Lazima mwelewe jambo moja, hasa nyinyi ambao si Wakalenjin. Kwetu kila ukoo una mnyama wake. Wako wa simba, wako wa ndovu, wako wa nyuki, wengine jua. Wetu ni fisi. Shuleni watoto wa ukoo wa simba walitembea kama wamenunua darasa, na sisi tulichekwa. Ndiyo, hata hao niliwaonea wivu, nilianza mapema. Lakini baba alinifundisha kwamba fisi hauawi na mtu wa mlango wetu, hatukanwi, na ukikutana naye njiani unamtajia wewe ni mtoto wa nani, unamwomba njia kama unavyomwomba ndugu. Nilishika hayo. Kazini nilikuwa na hamu ya siri kwamba siku moja fisi ataingia mjini na nitaitwa mimi, na watu wote wataona.

Akaingia, hapa hapa Yamumbi, asubuhi jua likiwa limetoka. Ilikuwa ploti ya vyumba vya kupanga, milango imepangwa mstari mmoja, ukuta mrefu kuzunguka, lango moja la chuma la kusukuma. Fisi aliingia akifuata harufu ya taka, lango likiwa wazi. Msimamizi wa ploti alipomwona alifanya kosa ambalo watu wetu hulifanya kila mara, tena wakidhani ni ujanja: akatoka nje akafunga lango, ili mnyama asitoroke kabla watu hawajafika kumwona. Wapangaji wakawa ndani na fisi. Nje kukajaa watu na mawe, na vijana juu ya ukuta.

Mimi na Wairimu tuliingia kwa kile kimlango kidogo cha kwenye lango. Fisi alikuwa amelala chini kando ya tangi la maji, mkubwa, anahema, damu puani kwa kupigwa mawe. Chumba kilichokuwa karibu naye kilikuwa cha mama mwenye mtoto mchanga, na komeo la mlango lilikuwa limevunjika. Mama yule alikuwa ameushika mlango kwa ndani kwa mgongo wake, na tulimsikia akiomba Mungu. Fisi akiamua kukimbilia gizani, giza lililokuwa karibu ni pale. Nikaenda nikasimama mbele ya mlango huo, mlango ubavuni, fisi mbele yangu, lango nyuma yangu. Wairimu akabaki langoni.

Na kumbukeni hili: fisi hapewi mgongo. Hukimbii, hugeuki, hata shingo huigeuzi. Simama wima, panua koti uonekane mkubwa, na ukirudi nyuma urudi ukimtazama. Kwa hiyo nilimtazama yeye tu. Sikujua Wairimu anafanya nini, na watu walikuwa wanapiga kelele kiasi kwamba sikusikia hata pumzi yangu.

Nilimeza mate. Halafu nikaanza kuongea naye, kwa Kinandi, kwa sauti ya chini. Nikamtajia jina la baba yangu na la babu. Nikamwambia, kimaget, ndilo jina la fisi kwetu, sisi ni wa nyumba moja, hapa ndani kuna mtoto mdogo, nipe njia nami nikupe njia. Vijana wa ukutani wakaanza kucheka.

"Cheki huyu buda, anaongea na fisi!"

"Anamuitisha kitambulisho!"

Niliwasikia hao vizuri. Masikio yaliungua. Nikaendelea, nikataja mpaka ndugu za babu. Fisi amelala tu, ananitazama. Nikajisemea, Kiprono, umeaibika mbele ya mji mzima, na mnyama wa ukoo wako mwenyewe. Kisha watu wakanyamaza. Fisi akainuka, akajikung'uta, akapita kando yangu karibu kiasi cha kunusa uvundo wake, akaelekea nyuma yangu. Nikageuka polepole. Lango lilikuwa wazi lote, Wairimu amesimama pembeni ameshika chuma, watu wa nje amewasukuma mpaka ng'ambo ya barabara, na fisi anatoka kama mpangaji anayeenda kazini. Akashika njia ya mashamba, akapotea.

Kelele ya shangwe iliyopigwa hapo mngedhani ni mkimbiaji wetu amerudi na dhahabu. Walimshangilia Wairimu. Kwa walioona kutoka nje, yeye ndiye aliyefungua lango na fisi akampita karibu na mkono bila yeye kutikisika. Mwenye ploti, mama wa Kinandi kama mama yangu, akaja na sotet, kile kibuyu chetu cha mursik, maziwa ya mgando yenye unga wa mkaa, akampa Wairimu anywe kwanza, vile tunavyowapokea washindi. Maziwa ya kwetu, kibuyu cha kwetu, fisi wa kwetu, na mimi nimesimama kando ya tangi la maji nikifuta jasho. Nilipopewa, kibuyu kilikuwa kinaelekea mwisho na kulikuwa na mkaa tu.

Tangu siku hiyo Wairimu akawa Wairimu wa fisi. Watu walipiga simu ofisini wakisema, tutumieni yule mama. Mimi nikawa yule wa kuitisha kitambulisho. Kila hadithi ile ilipoanza ofisini, wageni wakija au vijana wapya wakiajiriwa, niliinuka nikaenda kuangalia maji ya gari. Hakuna gari Eldoret lililowahi kuangaliwa maji kama lile. Hata kwenye sherehe yake ya kustaafu, aliposhika kipaza sauti akasema, "Ile siku ya Yamumbi," nilitoka nje nikaenda kuongea na bawabu kuhusu bei ya mbolea.

Nami nikastaafu. Nilidhani wivu nao utapewa barua. Juzi juzi tu, nilikuwa nyuma ya nyumba nachimba viazi, nikamsikia mke wangu, Mama Chebet, akipiga kelele upande wa kuku. Mondo alikuwa ameingia kwenye nyumba ya kuku, yule paka mrefu wa porini mwenye madoa na masikio makubwa. Nikangoja kuitwa. Nilisikia akiongea na simu. Kisha akaja mbio mpaka kwenye mtaro wa viazi.

"Baba Chebet, Wairimu amesema ukuje."

Nikaweka jembe chini. "Nani amesema?"

"Wairimu. Nimempigia nikamwambia kuna mnyama kwa kuku, akaniuliza wewe uko wapi. Nikamwambia uko kwa viazi. Akasema, basi muite, unanipigia mimi ya nini."

Niliitwa kwenye kuku wangu mwenyewe kwa amri iliyotoka Munyaka. Nilienda. Nikamfungia mbwa ndani, nikamwondoa Mama Chebet mbele ya mlango, nikaufungua mlango wa kuku mpaka mwisho, nikakaa mbali juu ya debe, kimya. Mondo akachungulia, akatoka, akaruka ua. Kuku wawili walikuwa wamekufa, na hilo lilitokea kwa sababu wavu ulikuwa na tundu nililoahidi kuliziba tangu mvua. Zibeni matundu yenu. Mama Chebet akachukua simu haraka.

"Ametoka, Wairimu! Asante sana, Mungu akubariki!"

Mimi nikiwa hapo hapo juu ya debe.

Kwa hiyo mlipokuja nyinyi na soda zenu mkasema Wairimu ndiye aliyewatuma, nilishindwa kuvumilia. Kesho yake nikaenda Munyaka. Nilitaka kumuuliza kwa nini ananitupia watu kama mabaki ya chakula. Nilimkuta ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Fimbo ya Barasa imetundikwa juu ya mlango, inang'aa. Anaipaka mafuta, nikaona.

"Kiprono, karibu. Nilijua utakuja. Umekasirika?"

"Kwa nini unawatuma kwangu? Wanakutaka wewe. Wewe ndio ulimtoa fisi."

Aliacha maharagwe akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu.

"Mimi? Nilimtoa aje?"

"Si ulifungua lango akatoka?"

"Gai, Kiprono. Lango nilifungua mapema. Wewe hata ulikuwa hujaanza kuongea, nilikuona unameza mate. Gate iko wazi, watu nimesukuma huko mbali, na hiyo mnyama imelala tu kama gunia. Haiangalii hata. Hizo kelele zilikuwa zimeichanganya. Nikasema leo tumekwisha. Halafu wewe ukaanza hayo maneno yako."

"Wakacheka."

"Wakacheka, ee. Halafu wakataka kusikia unasema nini, wakanyamaza. Mmoja mmoja. Mpaka wale wa ukuta. Na vile walinyamaza tu, ikasimama." Akachukua tena ungo. "Mimi sijui kama fisi ilikusikia. Watu walikusikia. Lakini masikio yake ilikuwa kwako, hiyo niliona."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa simwangalii yeye, nilikuwa naangalia maharagwe. Miaka yote hiyo nilijua kwamba niliongea na hakuna kilichotokea, kisha yeye akafungua lango. Nilijua hivyo kwa sababu sikugeuza shingo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa mahali pa kutuona sote, mimi na fisi na lango.

"Na kwa nini hukuwahi kusema?" nikauliza.

"Sikusema? Mimi nasemanga kila siku. Wageni wakikuja ofisini nilikuwa nasema, kuna mwenzangu anaitwa Kiprono, fisi ni ya ukoo wao, aliisimamia mbele ya mlango ya mtoto akaiongelesha mpaka ikatoka. Hata kwa sherehe yangu nilisema. Nilitaka usimame watu wakuone. Nikaangalia kiti chako, hakuna mtu."

Aliendelea na maharagwe yake, akitoa mawe.

"Ukitoka nje kila mara," akasema, "utasikia aje?"

Aliniletea chai. Tuliongea habari za watoto na za mvua. Nilipokuwa naondoka niliitazama tena ile fimbo, naye akaniona nikiitazama. Hakunipa. Sikuomba. Kusema kweli bado inaniuma.

Basi, vijana, hayo ndiyo niliyo nayo. Fungueni njia. Nyamazisheni watu, maana makelele ya watu ni ukuta kama ukuta mwingine. Ongea na mnyama kwa sauti ya chini, na kama ukoo wako hauna fisi, mtajie majina ya shangazi zako, kazi ni ile ile. Pigieni simu ofisi ya wanyamapori mapema, kabla mawe hayajaanza. Na msiende mtu mmoja. Aende mmoja wa kumkabili mnyama, na mwingine akae langoni, anayeona pande zote mbili, kwa sababu yule wa mbele hajui kinachotokea nyuma yake, na anaweza kuzeeka bila kujua.

Halafu kuhusu grupu la mtaa. Wekeni namba mbili, yangu na ya Wairimu. Yangu iwe juu. Ya kwake iwe chini yake, na hata mkikosea mkampigia yeye kwanza, si neno. Mtasikia wenyewe atakachowaambia.